Jeli za mimea kwenye fizi: zipakwe lini, wapi, na baada ya nini

Jeli ya mimea haikwangui ugaga, ule uchafu ulioganda kwenye jino ukawa mgumu kama jiwe. Iwe ya mshubiri, ya manjano, ya mwarobaini au ya majani ya chai, ukiipaka juu ya fizi iliyokalia ugaga ni sawa na kupiga chokaa ukuta wenye ufa. Watu wengi hapa Mwanza wanalirukia jambo hili. Mtu ananunua kichupa kwa jirani anayeuza WhatsApp, anapaka wiki mbili, damu inapungua kidogo, anashukuru, anaacha. Baadaye jino linaanza kucheza na anasema dawa ilikuwa feki. Pengine haikuwa feki. Ilikuja kabla ya zamu yake.

Sisemi jeli hizi hazifai. Zinafaa, kwa kiasi chake, zikikaa mahali pake kwenye foleni. Nitakupitisha kwenye foleni hiyo kuanzia kioo cha nyumbani hadi siku ya kurudi kupimwa.

Jitazame kwanza

Chukua kioo, simama karibu na dirisha asubuhi kabla hujapiga mswaki, uvute mdomo wa chini. Utasikia kila mahali kwamba fizi nzima, yaani yenye afya, ni ya rangi ya waridi. Kwetu maelezo hayo hayasaidii sana, maana wengi wetu tuna fizi zenye weusi wa kuzaliwa nao, na weusi huo si ugonjwa. Usihangaike na rangi, tazama umbo. Fizi nzima imelibana jino, na kale kanyama ka katikati ya jino na jino kamechongoka. Fizi iliyovimba ina ukingo mnene unaong'aa, na kale kanyama kamekuwa butu, wakati mwingine kananing'inia. Ibonyeze taratibu kwa kidole safi. Ikitoka damu, kuna uvimbe. Ukitoka usaha, usisubiri wiki iishe.

Halafu pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Kwa watu wengi ugaga huanzia hapo, kwa sababu mate yenye madini hutokea chini ya ulimi na kuoga meno hayo mchana kutwa. Kama ulimi haupati mwanya kati ya jino na jino, unahisi ukuta mmoja wenye mikwaruzo, basi huo ni ugaga na hakuna mswaki utakaoutoa.

Mvuta sigara asijipe moyo kwa kuwa hatoki damu. Tumbaku hubana mishipa midogo ya fizi, kwa hiyo ugonjwa unaweza kwenda mbali huku ukikosa ile damu ambayo ingekushtua. Anayeweka ugoro mdomoni ainue mdomo atazame pale anapouweka kila siku: fizi ikiwa imeshuka na mzizi unaonekana, au kuna alama nyeupe isiyofutika, akaonyeshe.

Magonjwa haya ya fizi ni ya aina mbili, na hapa ndipo penye uamuzi wote. Aina ya kwanza ni fizi kuvimba tu. Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote fizi zilivimba. Waliporudia mswaki, fizi zikapona. Hakuna dawa waliyopewa. Ukiwa kwenye aina hii, mswaki na kukwanguliwa vinatosha, na jeli ni anasa ndogo. Aina ya pili ni pale ugonjwa unaposhuka chini, nyuzi zinazoshika jino zinakatika na mfupa unaliwa. Mfupa ulioliwa haurudi kwa kupakwa kitu, cha mmea au cha kiwandani. Lengo linakuwa kuzuia usiliwe zaidi.

Nenda ukapimwe, na utoke na namba

Kioo hakiwezi kukuambia uko kwenye aina gani. Hiyo ni kazi ya kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, ambacho daktari au tabibu wa kinywa na meno anakiingiza kati ya fizi na jino, pande zote, jino kwa jino. Milimita 1 hadi 3 ni sawa. Kuanzia 4 na kuendelea, hasa ikiambatana na damu, hapo kuna kifuko, yaani uwazi ambapo fizi imeachana na jino. Kifuko cha milimita 6 hakifikiwi na mswaki wala uzi wa meno, hata uwe na bidii kiasi gani. Omba namba hizo uandikiwe. Wagonjwa wengi hutoka wakiwa na neno moja tu, "fizi", na baada ya miezi mitatu hakuna anayejua kama wamepona au wamezidiwa.

Mjini Mwanza kuna huduma za kinywa na meno Bugando na hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, pamoja na kliniki binafsi. Usiruke hospitali ya wilaya yako bila kuuliza, kwa sababu kukwangua ugaga si kazi ya lazima kuletwa mjini. Wa Sengerema tangu 2025 anapita daraja la Kigongo–Busisi, kivuko si kisingizio tena. Wa Ukerewe bado ana habari ya meli, basi apange safari mbili tangu mwanzo: ya kukwanguliwa na ya kurudi kupimwa.

Kwa wavuvi wa dagaa nina ushauri mmoja ambao hauandikwi kwenye vipeperushi. Kazi yenu ni wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwaka kambi inapumzika. Chukueni miadi ya meno siku za mbalamwezi. Mtu aliyekesha ziwani hawezi kukaa kwenye kiti cha meno saa nzima akiwa ameachama.

Ukifika, usingoje kuulizwa. Sema kama una kisukari, kama una ujauzito, kama unatumia dawa za kuyeyusha damu. Taja pia dawa za presha za jamii ya nifedipini na amlodipini, na dawa ya kifafa ya fenitoini, kwa sababu zote hizo zinaweza kuikuza fizi ikafunika jino. Nimeona mtu akipaka jeli miezi kadhaa kwenye fizi iliyokuzwa na dawa ya presha. Hapo anayetakiwa kuhusishwa ni daktari aliyeandika dawa, na mgonjwa asiikatishe mwenyewe.

Kisukari nakitaja tena kwa makusudi. Sukari iliyopanda inaharibu fizi, na fizi mbovu zinafanya sukari iwe ngumu kushuka. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kutibu fizi hushusha kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa karibu asilimia 0.4. Si kidogo kwa kitu kinachofanywa mdomoni.

Ukwanguliwe

Mama mmoja muuza dagaa wa Kirumba Mwaloni alikaa kwenye kiti, akafunga mdomo, akasema kwa upole, "Daktari mwanangu, mimi nipake ile ya majani tu. Kukwangua kunalegeza meno. Dada yangu walimkwangua, yakaanza kucheza."

"Yalikuwa yanacheza kabla, mama. Ugaga ndio uliokuwa umeyashikanisha."

"Kwa hiyo mnayaachia?"

"Tunaondoa kinachokula mfupa. Tukiuacha huo ugaga uyashike, utayashika mpaka siku yatakapotoka nao."

Akacheka, akafungua mdomo. Hofu yake si ya kijinga na wala hayuko peke yake. Ugaga mwingi hufanya kazi ya saruji kati ya jino na jino, ukiondolewa mgonjwa anahisi nafasi na mtikisiko uliokuwa umefichwa. Fizi zikishapungua uvimbe, meno mengi yanakaza tena kwa kiasi fulani.

Kwa vifuko virefu daktari atakupiga ganzi, atakwangua chini ya fizi hadi mzizi uwe laini, pengine kwa vipindi viwili au vinne. Kazi hiyo peke yake, bila jeli ya aina yoyote, kwa wastani hupunguza kifuko cha milimita 4 hadi 6 kwa milimita 1 na kitu, na kile cha 7 na zaidi kwa milimita 2 hivi. Kumbuka namba hizi, nitazihitaji chini. Baada ya hapo utasikia meno yakishtuka kwa maji ya baridi kwa siku au wiki kadhaa, na meno yataonekana marefu. Hayajarefuka. Fizi imenywea ikarudi pale mfupa ulipo.

Wapo wanaoruka hatua hii kwa kununua metronidazo, dawa ya kumeza ya kuua bakteria, duka la dawa muhimu. Utando wa bakteria kwenye jino ni mji wenye ukuta, dawa ya kumeza haiubomoi, na wewe unabaki na bakteria waliozoea dawa. Usijiandikie.

Jeli inaongeza nini hasa

Kwanza kwa nini jeli, na si maji ya kusukutua. Maji ya kusukutua hayaingii kwenye kifuko zaidi ya ukingoni. Tena ndani ya kifuko kuna majimaji yanayotoka kwenye fizi iliyovimba muda wote, na katika kifuko cha milimita 5 majimaji hayo hujibadilisha karibu mara 40 kwa saa. Chochote chepesi kinasukumwa nje ndani ya dakika chache. Jeli nzito inayonata inabaki ikitoa dawa polepole. Hiyo ndiyo akili iliyomo.

Je, inasaidia? Tafiti ni nyingi, nyingi zake zimefanywa India, na kwa kawaida zina watu makumi machache waliofuatiliwa wiki kadhaa hadi miezi michache. Mpango wao unafanana: wote wanakwanguliwa, kisha wengine wanawekewa jeli ya mmea na wengine hawawekewi. Mara nyingi wa jeli damu yao inapungua kuliko ya wenzao, na vifuko vyao vinapungua zaidi, lakini tofauti hiyo kwa kawaida iko chini ya milimita 1. Sasa rudi kwenye zile namba za kukwangua. Kazi kubwa imefanywa na chuma, jeli imeongeza ncha. Kwa mtu mwenye kifuko kilichobaki na milimita 5 baada ya kukwanguliwa, ncha hiyo inaweza kuwa na thamani. Kwa mtu ambaye hajakwanguliwa, hakuna kinachoongezewa.

Ukiwa na fedha ya kimoja tu, kakwanguliwe.

Kuna sababu nyingine ya kuzipenda jeli hizi ambayo naiona ni ya haki. Klorheksidini, dawa ambayo madaktari wa meno wameitegemea kwa miaka mingi, inapaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha, hasa kwa mnywaji wa chai. Watu wanaiacha kabla ya siku zao kuisha. Jeli ya mshubiri haina kero hizo, na dawa inayotumika hadi mwisho ina faida kuliko kali iliyoachwa kabatini.

Mmea upi

Mshubiri, ambao madukani unaitwa alovera, ndio nitakaokaa nao zaidi kwa sababu umeota kila uwanja wa nyumba na kila mtu anadhani anaujua. Kata jani nene karibu na shina ulisimamishe wima juu ya kikombe. Kabla ya ute wowote, utaona majimaji ya njano yakichuruzika kutoka chini ya ganda, yananuka na yana uchungu unaobaki kooni. Hayo siyo dawa ya fizi. Yana aloini, kitu kinachoendesha tumbo vibaya, na mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa dawa za kuharisha zenye mshubiri kwenye orodha ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari. Mjamzito asiyaguse. Kinachotakiwa ni ule ute mweupe wa kuonekana upande wa pili, ulioko katikati kabisa ya jani, baada ya ganda na kingo za njano kumenywa na kipande kuoshwa. Jeli nzuri ya kiwandani imetengenezwa na ute huo tu. Jeli yenye rangi ya kijani kibichi na uchungu mkali, muulize muuzaji imetokana na nini.

Manjano nayo yana historia nzuri kwenye tafiti za fizi. Kiini chake, kurkumini, ukikimeza mwili unakipokea kwa shida sana, kwa hiyo kukiweka palepale penye ugonjwa kuna mantiki kuliko vidonge vinavyouzwa ghali. Tatizo la manjano ya sokoni ni unga wenyewe: umesagwa wapi, umechanganywa na nini. Katika nchi nyingine unga wa manjano umewahi kukutwa umeongezwa rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae. Kwa fizi sitaki unga wa kupimiwa kwa kijiko. Nataka jeli iliyotengenezwa kwa kipimo. Itapaka ulimi njano saa moja mbili, vaa shati la kazi.

Mwarobaini. Jeli ya majani yake imelinganishwa na klorheksidini kwenye tafiti ndogo za India na ikapunguza utando wa meno vizuri. Majani na mafuta ya mbegu ni vitu viwili tofauti, hata hivyo. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto waliomezeshwa, hadi ubongo kuathirika. Usiweke chupa ya mafuta hayo karibu na kinywa cha mtoto kwa jina la dawa ya meno.

Karafuu inatuliza maumivu, na madaktari wa meno huitumia ndani ya dawa ya kuziba jino kwa muda. Lakini mafuta yake makali yasiyochanganywa yanaunguza fizi ikawa nyeupe na kubabuka. Chai ya kijani ilishatengenezewa vibanzi vya kuyeyuka polepole ndani ya kifuko, Wajapani walilichapisha hilo mwaka 2002, na jeli zake zipo. Komamanga na majani ya mpera yamefanyiwa kazi pia. Kama daktari wako anayo mojawapo, sitabishana naye.

Soma boksi kabla ya kulipa

Geuza boksi. Tafuta jina la mtengenezaji na mahali alipo, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, na orodha ya vilivyomo. Bidhaa inayodai kutibu ugonjwa inatakiwa iwe imesajiliwa: dawa kwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, dawa za asili kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Namba ya usajili ikiwa haipo, au muuzaji anakasirika ukiiuliza, umeshajibiwa. Neno "asilia" kwenye boksi halipimi chochote. Boksi linaloahidi kurudisha mfupa, kukaza meno kwa siku saba na kutibu vidonda vya tumbo kwa pamoja, liache hapo mezani.

Angalia pia sukari. Baadhi ya jeli zinatiwa asali au sukari ili zipendeze mdomoni, na wewe unaenda kulala nazo.

Kupaka

Zipo njia mbili na hazichanganywi.

Ya kwanza ni ya kliniki, kuweka ndani ya kifuko. Daktari anazungushia jino pamba ili mate yasifike, anakausha kwa hewa, anaingiza sindano butu iliyopinda hadi chini ya kifuko, kisha anasukuma jeli huku akiivuta sindano juu taratibu mpaka jeli ichungulie kwenye ukingo wa fizi. Inayomwagika anaifuta. Utaonja mmea wenyewe na utahisi kubanwa, si maumivu. Baada ya hapo usile wala kunywa kwa muda utakaoambiwa, usiku huo mswaki usiguse hapo, na uzi wa meno usipite sehemu hiyo kwa karibu wiki moja. Karanga, mahindi ya kuchoma na miiba ya sato vitachimbua kilichowekwa, basi kula laini.

Kitu kimoja nakisisitiza hadi kero: usijiwekee mwenyewe kwenye kifuko. Kuna watu wananunua bomba la sindano, wanavunja ncha na kusukuma ute wa mshubiri wa uani chini ya fizi. Ute wa nyumbani una vijidudu vya jani, kisu na mikono. Ukiusukuma ndani ya kifuko kisichokwanguliwa umefungia uchafu chini, na jipu la fizi ni suala la siku.

Ya pili ni ya nyumbani, na ni ya juu ya fizi tu. Fanya usiku, baada ya mswaki na uzi. Sukutua kwa maji, tema, nawa mikono. Toa jeli kiasi cha punje ya mahindi kwenye kidole, ipake ukingoni mwa fizi pale penye uvimbe, ukisugua kwa miduara midogo kama dakika moja, nje na ndani. Tema iliyozidi, usile wala kunywa kwa nusu saa angalau, ikiwezekana lala. Mara ya kwanza kabisa, pakaa kidogo tu ndani ya mdomo wa chini na usubiri hadi kesho: ukiwashwa, ukivimba au ngozi ikibabuka, jeli hiyo si yako.

Kama lazima utumie mshubiri wa nyumbani, basi uwe wa juu ya fizi, umenywe kama nilivyoeleza, utumike siku hiyohiyo. Hauna kitu cha kuuzuia usioze, na friji yenye umeme wa kukatika si ulinzi.

Mswaki, usiku na maji ya ziwa

Jeli yote hii inategemea mswaki wa nyuzi laini, dawa ya meno yenye floraidi, dakika mbili, mara mbili kwa siku. Elekeza nyuzi kwenye mpaka wa jino na fizi kwa kuinamisha mswaki, usugue kwa mitikisiko mifupi. Watu wanaotoka damu huogopa sehemu hiyo na kuikwepa, kisha inazidi kutoka. Isafishe hiyohiyo, taratibu, na ndani ya wiki mbili itapungua kama ugaga ulishaondolewa. Mswaki wa mti hauna ubaya ukitafunwa hadi ulainike. Mkaa na chumvi ya mawe vinakula jino, viache.

Ninaposema usiku namaanisha kabla ya usingizi wako mrefu. Mvuvi anayerudi alfajiri na kulala saa tatu asubuhi, huo ndio usiku wake: apige mswaki akimaliza kula, apake jeli, alale. Kupiga mswaki saa moja jioni halafu kukesha na chai ya sukari na maandazi ndani ya mtumbwi hakumsaidii.

Na maji. Kwenye kambi na visiwani watu wanasukutua kwa maji yanayochotwa palepale ukingoni. Mwambao wa ziwa hili una kichocho, na vimelea vyake haviingii kwa ngozi ya miguu pekee, vinaweza kupenya hata midomo na ndani ya kinywa. Tumia maji yaliyochemshwa. Maji yaliyotulia kwenye ndoo siku mbili hayana tena kimelea cha kichocho kilicho hai, ila vijidudu vya kuhara vinaweza kuwepo, ndiyo maana nasema chemsha. Mwenye fizi zilizotoka kukwanguliwa jana asithubutu maji ya ukingoni.

Wanaotakiwa kusimama kwanza

Mjamzito fizi zake zinaweza kuvimba kwa sababu ya homoni. Kukwanguliwa ni salama kwake, na jeli yoyote ya mimea asubiri ruhusa ya daktari au kliniki ya wajawazito. Anayetumia wafarini, dawa ya kuyeyusha damu, amwonyeshe daktari boksi kabla ya manjano. Mtoto mdogo anameza kila kinachowekwa mdomoni, kwa hiyo hapana.

Halafu kuna hali ambazo si za jeli wala za kusubiri miadi: fizi zenye vidonda vya kijivu, maumivu makali na harufu mbaya iliyokuja kwa siku chache, ambazo wakati mwingine ni ishara ya kinga ya mwili kushuka na zinastahili kipimo cha VVU, shavu lililovimba na homa, damu inayotoka yenyewe bila kuguswa na haikati, pamoja na madoa ya damu kwenye ngozi. Nenda leo.

Rudi upimwe

Wiki 6 hadi miezi 3 baada ya kukwanguliwa, rudi kijiti kiingizwe tena sehemu zilezile. Hapo ndipo utajua kama jeli imekufaa, si kwa kuhisi mdomo mwepesi. Kifuko kilichokuwa 6 kikiwa 4 na hakitoki damu, endelea na mswaki, jeli unaweza kuiacha. Ukingoni umepona lakini kifuko bado ni 6 na kinatoka damu, jeli ya pili na ya tatu ni kupoteza fedha. Omba kukwanguliwa upya sehemu hiyo, na ukishindwa hapo uliza kuhusu upasuaji mdogo wa fizi. Baada ya hapo utakuwa mtu wa kurudi kila miezi 3 hadi 6, kulingana na namba zako.

Kadi yenye namba hizo ipige picha kwa simu. Ukihamishia kambi Kome au ukienda kuishi na watoto Geita, daktari wa huko ataanzia kwenye picha hiyo.